Kangaga la Krismasi

Najua mtasema nimeishiwa. Wiki mbili sijaandika kitu, halafu nikirudi nawaletea habari za jani. Si siasa, si muziki, wala yale "maisha ya mbongo ughaibuni" ambayo nusu yenu mnaniomba kila siku. Jani. Na wala si lile mnalolifikiria, tulieni.

Nazungumzia mmea ambao kamusi zetu zinauita kangaga. Wapo wanaolitumia neno hilohilo kwa majani marefu ya kwenye vinamasi, kwa hiyo ngoja niseme wazi ninachokusudia: mmea usiotoa ua wala tunda, majani yake yamechanika pande mbili kama unyoya wa kuku, na jani changa likitoka ardhini linakuwa limejikunja kama mkia wa kinyonga. Kama umewahi kuingia msitu wa Magamba pale Lushoto, au kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, umeyapita mengi bila kuyaangalia. Mengine kule kwetu ni miti kabisa, yana shina refu kuliko mtu, yamesimama kando ya vijito kama minazi iliyopotea njia.

Sasa, kwa wasiojua, mimi niko Athens. Si ile ya Ugiriki, hii ni ya Ohio, mji mdogo katikati ya vilima na misitu. Huu ni mwaka wangu wa pili, nasomea hii kazi yetu ya kalamu. Na jambo ambalo hakuna aliyenitayarishia kabla sijaja si baridi. Baridi watu walinisimulia mpaka nikachoka. Hawakuniambia habari ya miti.

Jamani, mtu aliyezaliwa Lushoto anajua mti usio na jani ni mti uliokufa, na anayepita hapo atauliza ni nani aliyeuchoma. Huku mwezi wa kumi majani yanageuka manjano, yanageuka mekundu, watu wanatoka na kamera. Mwezi wa kumi na moja yote yako chini. Mwezi wa kumi na mbili unatazama kilima kizima na unaona vijiti tu, vijivu, kimoja baada ya kingine mpaka upeo wa macho. Nilijua kwa kichwa kwamba ile miti iko hai. Moyo ukakataa. Kuna wiki nilikuwa naenda darasani nikiangalia viatu vyangu.

Katika kuangalia viatu ndipo nilipoliona. Nyuma ya nyumba ninayopanga kuna mteremko unaoshuka hadi kwenye kijito, na pale chini, katikati ya majani makavu, kulikuwa na mafungu ya kijani. Kijani kweli, kile kizito, kama mchicha uliokomaa. Theluji ilikuwa imeanguka usiku ule, na majani yamechomoza juu yake kana kwamba hayana habari.

Nikamuuliza bibi mwenye nyumba. Ana miaka themanini na kitu, mjane, anatembea na fimbo, na hana subira na maswali ya kijinga. Akanijibu bila kugeuka: hilo ni kangaga la Krismasi. Kwa nini la Krismasi? Kwa sababu Krismasi bado liko kijani, ulitaka waliite la Pasaka?

Haya basi. Ugonjwa wa uandishi wa habari mnaujua. Ukishaambiwa jambo kwa mkato hivyo, unalala nalo.

Jina lake la kitaalamu ni Polystichum acrostichoides. Linaota lenyewe katika misitu ya mashariki ya Amerika Kaskazini, kuanzia Kanada ya mashariki kushuka hadi Florida na kuelekea Texas. Halitambai wala halivamii shamba la jirani. Linakaa fungu moja mahali pake, majani yake kwa kawaida yana urefu wa sentimita 30 hadi 60, yametoka katikati kama maji ya chemchemi. Ukichuma kipande kimoja kidogo cha jani na kukigeuza, utaona kina kinundu upande mmoja karibu na kikonyo. Wamarekani wanasema kinafanana na soksi ile wanayotundika watoto kusubiri zawadi za Krismasi. Nimekiangalia sana. Mimi naona buti la mvua.

Mtaalamu wa kwanza kuliandika kitabuni alikuwa Mfaransa, André Michaux. Huyu bwana historia yake inatuhusu kidogo, subirini. Mwaka 1785 alitumwa Amerika na serikali ya mfalme wa Ufaransa kutafuta miti ambayo ingeweza kupandwa kwao, maana Ufaransa ilikuwa na uhaba wa mbao za kujengea meli. Akaanzisha bustani karibu na Charleston, South Carolina, akawa anazunguka porini miaka na miaka, anachimba, anafunga, anapeleka kwao kwa meli. Maandishi yake yakatoka kitabu mwaka 1803, na kangaga letu limo humo. Yeye mwenyewe hakukiona kitabu hicho kikitoka. Alikuwa ameshaingia safari nyingine, akashuka Madagascar, homa ikamuua mwaka 1802. Kwa hiyo mtu aliyelipa jina jani la theluji amezikwa kwenye bahari yetu hii ya Hindi, kisiwa cha jirani. Nilipolisoma hilo nikaacha kula, nikatazama dirishani.

Sasa swali ambalo nadhani na wewe unalo: linawezaje?

Mama yangu ndiye aliyeliuliza vizuri zaidi. Nilimtumia picha. Akapiga, na kabla sijamaliza shikamoo akasema: "Hilo jani linakula nini wakati wa baridi?" Mama ni mkulima. Hakuuliza linaitwaje wala kama ni zuri. Aliuliza linakula nini.

Jibu ni kwamba linakula jua, kama majani yote, ila linakula wakati wenzake wamefunga. Kiangazi, miti mikubwa ikiwa na majani, chini ya msitu ni giza. Miti ikipukutisha, mwanga unafika chini, na siku ambayo baridi imelegea kidogo kangaga linafanya kazi. Vivyo hivyo mwanzoni mwa majira ya kuchipua, kabla miti haijafungua majani yake. Chakula linachoweka akiba ndicho kinachosaidia kutoa majani mapya. Majani mapya yakishasimama, ya zamani ndiyo yanakufa. Hayafi na baridi. Yanakufa yakishakabidhi.

Na kuna ujanja mwingine. Kiangazi majani yake yamesimama. Baridi ikianza, sehemu ya chini ya kikonyo inalegea, na majani yote yanalala chini, bapa, pande zote, kama mkeka. Ukipita unaweza kudhani kuna mtu ameyakanyaga. Kumbe pale chini, karibu na udongo, chini ya majani makavu na theluji, kuna joto kuliko hewani. Theluji tunayoiogopa sisi, kwake ni blanketi.

Nikamweleza mama yote hayo. Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo linalala, halifi." Ndiyo mama. "Basi lina akili kuliko migomba."

Kuna jambo jingine. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hili jani sharti uiname kweli. Kiangazi ukigeuza majani yake, utakuta baadhi, kwenye ncha ya juu, yana vipande vidogo kuliko vingine, na upande wa chini umefunikwa wote na unga wa kahawia. Huo ndio uzazi wake. Si mbegu. Ni vumbi jepesi kuliko unga wa ngano, linapeperuka, likiangukia mahali penye unyevu linaota kijani kidogo chenye umbo la moyo, kidogo kuliko ukucha wako. Pale kwenye kimoyo hicho ndipo ume na uke hukutana, ndani ya tone la maji, na kutoka hapo ndipo linaota kangaga kamili. Lisipopata maji, hakuna ndoa.

Wazungu wa zamani hawakulijua hilo. Waliona mmea unazaana lakini hauna ua wala mbegu, wakahitimisha kwamba mbegu ipo ila haionekani, na kwamba ukiipata na wewe hutaonekana. Shakespeare analitaja jambo hilo katika mchezo wake wa Henry IV. Tena baadaye waje watuambie sisi ndio watu wa hirizi.

Lakini wandugu, nisingewaandikia maneno yote haya kwa ajili ya sayansi peke yake. Kuna jambo lilitokea.

Ule mteremko nyuma ya nyumba ulikuwa unaondoka. Jirani wa juu alikata miti yake, na tangu hapo kila mvua kubwa ilikuwa inateremsha tope mpaka kwenye mlango wa jiko la bibi. Mara mbili tulizoa kwa koleo, mimi na yeye, yeye akiwa ameshika fimbo kwa mkono mmoja. Watoto wake wako mbali na wanamwambia auze nyumba. Hataki kuuza. Hapo ndipo alipoolewa, hapo ndipo mumewe alipofia. Tope lile kwake lilikuwa hoja mikononi mwa watoto wake, na alijua hivyo.

Mtu mmoja wa bustani akamshauri apande makangaga ya Krismasi, kama yale yaliyokuwa chini. Hayahitaji jua, paa hawayali sana, mizizi yake inashika udongo, na yale majani yanayolala chini wakati wa baridi yanazuia majani makavu yasisombwe na maji. Hesabu ikaja mashina thelathini hivi. Kitaluni shina moja lilikuwa dola 12. Pigeni hesabu wenyewe, halafu kumbukeni kwamba anaishi kwa pensheni.

Siku mbili baadaye akatokea kijana na pikapu. Sijui habari zilimfikiaje, miji midogo ni miji midogo hata huku. Ana makangaga, shina dola 3, makubwa, yamekomaa, anayaleta mpaka mlangoni. Nikamuuliza ameyatoa wapi. Akacheka, akaonyesha kwa kidevu upande wa vilima.

Nikamwomba anipeleke nikaone. Akakubali bila wasiwasi, na nadhani hilo ndilo lililonichoma zaidi, kwamba hakuona kitu cha kuficha. Tukaenda. Ni bonde zuri, mwamba wa mchanga upande mmoja, misonobari juu, kijito chini. Na kwenye mteremko, mashimo. Nilihesabu mpaka arobaini nikaacha. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, kila shimo lina maji yake, na kutoka kila shimo mfereji mwembamba wa tope unateremka kwenda kijitoni. Yaani alikuwa anahamisha tope la bibi kutoka mlangoni kwake na kulileta pale.

Nikamuuliza: hapa ni kwa nani? Akasema: "Ni msitu wa serikali."

Niliganda. Hilo jibu nalijua. Nimelisikia kwa Kisambaa, nimelisikia kwa Kiswahili, nimelisikia kwa watu ninaowaheshimu wakiwa na msumeno begani. Msitu wa serikali, maana yake si wa mtu. Nilivuka bahari nikidhani hilo neno nimeliacha Usambara.

Sitaki mumchukie. Kazi aliyokuwa nayo ilikwisha, ana watoto wawili wadogo, na alinisimulia hayo bila kuombewa huruma. Alisema pia kwamba babu yake alikuwa akichuma majani hayohayo na kuyauza. Hilo linawezekana kabisa. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa biashara kubwa katika majimbo ya kaskazini mashariki: familia nzima zinaingia msituni kiangazi kikiisha, zinachuma majani kwa mamilioni, yanafungwa kwa mafungu, yanahifadhiwa penye baridi, halafu wauza maua wa mijini wanayatumia kupambia Krismasi na mazishi. Ila babu alikata majani. Mjukuu anang'oa shina. Ukikata jani moja au mawili, mmea unabaki na mwakani unatoa mengine. Ukiondoka na shina, umeondoka na kila kitu, na lile vumbi la kahawia ninalowasifia linahitaji miaka kadhaa kujenga fungu lingine la ukubwa ule.

Nikarudi, nikamsimulia bibi nilichoona. Sikumwambia afanye nini. Fedha ni zake na mlango ni wake, na mimi ni mpangaji. Nilimwambia tu mashimo ni mangapi na kwamba yana maji.

Alikaa kimya kwa muda mrefu mpaka nikadhani amesinzia. Kisha akauliza: "Yale ya kule chini kwetu, yana umri gani?" Nani ajuaye. Akasema yalikuwepo alipokuja akiwa bibi harusi.

Mwezi wa nne tukashuka na majembe. Mafungu ya zamani, ukiyafukua, unakuta si shina moja, ni vichwa viwili, vitatu, vimekaa pamoja kama ndugu kitanda kimoja. Tukavitenganisha kwa kisu, kila kichwa na mizizi yake, tukiacha nusu ya kila fungu mahali pake. Tukapata kumi na sita. Kumi akanunua kitaluni, yaliyooteshwa huko huko kutoka kwenye vumbi. Jumla ishirini na sita, badala ya thelathini. Tukayapanda yakiwa yameegemea mteremko kidogo ili maji yasituame kwenye kichwa, maana baridi hayaliui, lakini kukaa na maji miguuni kunaliozesha. Juu yake tukatandaza majani makavu.

Na yule kijana? Bibi alimpigia simu, akamkodi kwa siku moja kubeba mawe na kuyapanga kwa mistari kukata kasi ya maji. Alikuja pikapu ikiwa tupu. Alifanya kazi vizuri, na saa ya chakula walikaa kwenye ngazi wakizungumza habari za babu yake, ambaye kumbe bibi alimjua.

Matatu yamekufa, yote mahali pamoja, pale maji yanaposimama. Ishirini na matatu yako hai. Kiangazi kilichopita zilikuja mvua mbili za kutisha, na tope liliishia kwenye mstari wa pili wa mawe. Mawe yamesaidia, majani makavu yamesaidia, makangaga yamesaidia, sitadanganya ni kipi zaidi. Nyumba haijauzwa. Watoto wamepumzika kidogo na hoja yao, walau hadi mwakani.

Jumapili nilimpigia mama nikamwambia theluji imeanza tena na majani yote yamelala. Nikamsimulia habari ya kitalu na msitu, kwamba ukitaka kununua mmea huku inabidi kwanza uulize umetoka wapi, maana yaliyong'olewa msituni mara nyingi yanakufa njiani au yanachelewa kushika, na ya kitaluni yamezoea kuhamishwa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema: "Na wewe mwanangu, wamekutoa msituni au kitaluni?"

Nikacheka. Akacheka pia. Kisha akanyamaza akisubiri, na mimi nikamuuliza kuhusu mahindi, kwa sababu namaliza masomo mwezi wa tano, kuna ofisi moja huku imeniuliza kama nitabaki, na mama hajaniuliza hata mara moja. Ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Haya, nimemaliza. Sasa zamu yenu. Mlioko Bukoba, Mbeya, Taita, Kigezi, Kivu, popote penye msitu wenye unyevu: kwenu haya makangaga mnayaitaje? Nataka jina la kilugha, lile la bibi yako, na kama kuna matumizi yake niambieni pia. Mama ana jina lake la Kisambaa. Nitaliweka hapa nikishasikia ya kwenu.